Mti wa miaka milioni 350 uliokutwa na majani yake kichwani: wapenzi wa mawe na miti pitieni hapa

MchimbaKokoto

Wakuu habari za jioni.

Nimefanya kazi machimbo ya mawe miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nikisikia neno "machimbo" kwenye habari ya sayansi, masikio yananisimama. Februari 2024 ilitoka habari ya mti uliokutwa kwenye machimbo ya mawe huko Norton, jimbo la New Brunswick, Kanada. Tangu siku hiyo naifuatilia. Tatizo kila nikiisimulia kijiweni mtu ananikata: "Si gogo tu limegeuka jiwe? Mbona yapo mengi."

Magogo yapo mengi, kweli. Huu si gogo, na ndiyo sababu nimeuleta huku.

Jina lake ni Sanfordiacaulis densifolia. Msikimbie. Sanford ni ukoo wa mwenye machimbo, Laurie Sanford. Caulis kwa Kilatini ni shina, na densifolia ni kuwa na majani yaliyosongamana. Mwenye shimo la kokoto amepewa mti wa miaka milioni 350, na jina lake litakaa vitabuni hata machimbo yakifungwa. Mimi nilichoachiwa na machimbo ni kikohozi.

Sasa umbo lenyewe. Chukua shina lenye unene wa sentimita 16 hivi. Hilo ni jembamba, mpapai uliokomaa unaweza kulizidi. Kwenye kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 75 tu, yamehesabika majani zaidi ya 250, yamezunguka shina kwa mzunguko kama ngazi ya mnara. Jani moja linaonekana mpaka mita 1.75 kisha linakatika, yaani ncha haimo kwenye jiwe, na watafiti wanakadiria liliendelea mita nyingine moja au zaidi. Piga hesabu kushoto na kulia: kichwa cha mti kilikuwa na upana wa zaidi ya mita tano na nusu. Urefu wa mti mzima? Wamekadiria mita 2.65.

Yaani mti ulikuwa mpana mara mbili ya urefu wake. Mwavuli wa muuza vocha uliofunguka mpaka ukapitiliza.

Nipo kwenye simu na chaji inaisha. Nikirudi naeleza kwa nini watu wa mawe walishika vichwa.

Mkulima_Mstaafu

Nimevuta kiti. Usituache kwenye mataa.

BintiMwambao

Mleta mada nina swali kabla hujaendelea. Mimi nimezaliwa shambani, baba alikuwa mkwezi. Mnazi mzuri wenye afya unabeba makuti thelathini hivi kwa wakati mmoja, na shina lake ni nene maradufu ya hilo unalolisema. Sasa wewe unatwambia shina la sentimita 16 limebeba majani 250, kila moja karibu mita tatu? Hiyo si chai kweli? Mti ungelala chini siku ya kwanza ya kusi.

MzeeKijiwe

Chai ya rangi, na tangawizi juu.

MchimbaKokoto

Nimerudi, nimechaji.

Dada BintiMwambao swali lako ni zuri kuliko yote niliyoulizwa kijiweni, kwa sababu hata wataalamu walipoona kipande cha kwanza hawakuelewa wanaangalia nini. Kipande hicho kilipatikana yapata miaka saba kabla ya habari kutangazwa, na kilikuwa sehemu tu ya kichwa cha mti. Waliokuwa wakifuatilia machimbo yale ni Matthew Stimson na Olivia King wa upande wa makumbusho ya New Brunswick. Ikachukua miaka mpaka vikapatikana vingine karibu na pale pale. Sasa imefika miti mitano, yote ya aina moja, yote ilizama kwenye ziwa moja. Katika hiyo mitano ni mmoja tu unaoonyesha wazi jinsi majani yalivyotoka kwenye shina. Aliyeongoza uchapishaji ni Robert Gastaldo wa Colby College, kule Maine, Marekani.

Kuhusu uzito: kuti la mnazi lina uti mgumu, mzito, likikuangukia unakumbuka mpaka na uzee. Majani ya mti huu hayakuwa makuti ya namna hiyo. Tena usiufikirie mti uliosimama peke yake ufukweni ukipigwa na kusi. Watafiti wanauona kama mti wa chini, uliokaa kwenye kivuli cha miti mirefu zaidi, ukitandaza majani kila upande kunasa jua kidogo linalopenya. Anayeishi kivulini hanufaiki kwa kwenda juu, anatanuka. Ukiingia msitu mnene kama Amani kule Usambara utaona tabaka: miti mirefu juu, ya kimo cha kati chini yake, halafu vichaka. Mti huu ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa kwamba tabaka lile la kati lilikuwa limeshaanza.

BintiMwambao

Hapo kwenye kivuli umenipata kidogo. Endelea. Ila chai bado sijaimwaga.

MchimbaKokoto

Sasa ule uhondo wenyewe.

Fikiria mwembe ukifa. Majani yanatangulia. Yanafuata matawi madogo, magome yanabanduka, mchwa wanaingia, mwisho linabaki shina. Mvua ikija, jani linapelekwa kwenye tope la bondeni, tawi linakwama mtoni, gogo linasafiri mpaka lichoke. Mizizi inabaki pale pale. Baada ya mamilioni ya miaka anakuja mtu na nyundo, anakuta jani hapa, gome kule, mzizi kijiji cha tatu. Atajuaje ni mwembe mmoja?

Hajui. Kwa hiyo anachofanya ni kukipa kila kipande jina lake. Si utani huo, ndiyo kanuni ya kazi yao. Mti mmoja wa zama za makaa ya mawe ya Ulaya una gome linaloitwa Lepidodendron, mizizi inaitwa Stigmaria, na vibebeo vya mbegu-vumbi (spora) vyake vinaitwa Lepidostrobus. Mti mmoja, majina matatu, kama mtu mwenye jina la shule, la nyumbani na la kwenye daftari la mangi.

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi. Kulikuwa na majani ya kale yanaitwa Archaeopteris, wakadhani ni ya kangaga fulani mkubwa. Pembeni kulikuwa na mbao za kale zinaitwa Callixylon, wakadhani ni ndugu wa misonobari. Vitu viwili, makabati mawili. Mwaka 1960 Charles Beck akaonyesha kielelezo ambacho jani na mbao vimeshikana. Kumbe ni mti mmoja! Mbao kama za msonobari, majani yanayofanana na ya kangaga, na uzazi wa mbegu-vumbi badala ya mbegu. Hakuna mti wa namna hiyo leo.

Na Gilboa, jimbo la New York. Mafuriko yalifukua visiki vya mawe pale karibu mwaka 1870. Vimesimama wima, vya zamani kuliko huu wa Norton, miaka milioni 385 hivi. Watu wakabaki kukisia kichwa chake kilikuwaje kwa zaidi ya miaka 130! Mwaka 2007 ndipo ikachapishwa taarifa ya shina lililokutwa na kichwa chake, na kichwa chenyewe kumbe tayari kilikuwa na jina jingine, Wattieza.

Kwa hiyo mtu akisema "si gogo tu", mwambie gogo ni rahisi. Miti iliyokufa na kichwa chake, majani yakiwa bado yameshika shina pande zote na jiwe halijaubana ukawa bapa kama chapati, hiyo kwa historia nzima ya miti duniani unaihesabu kwa vidole.

MzeeKijiwe

Kijana unaandika vizuri, lakini mimi nina shida na kitu kimoja, na mtanisamehe maana mimi ni mtu mzima. Hiyo milioni 350, nani alikuwepo akahesabu? Juzi tu tulikuwa tunabishana hapa Kariakoo ilianza mwaka gani, watu wazima, wenye nyaraka, tukashindwana. Ninyi mnaongea mamilioni kama bei ya nyanya.

MchimbaKokoto

Shikamoo mzee. Swali la haki.

Kwanza tuondoe lile ambalo watu wanalitaja haraka: kaboni 14. Haihusiki hapa kabisa. Kaboni 14 inapungua nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo ikifika miaka elfu hamsini hivi inakuwa imebaki kiasi kidogo mno kupimika. Kwa mti huu ni sawa na kupima umbali wa Dar mpaka Mwanza kwa rula ya mwanafunzi.

Njia yenyewe ni hii. Mlima wa volkano ukilipuka unamwaga majivu, na ndani ya majivu kuna chembe ngumu zinaitwa zirkoni. Zirkoni inapoumbwa inakubali madini ya urani kuingia ndani yake lakini inaikataa risasi, ile metali nzito, si ya bunduki. Urani inageuka risasi taratibu sana, ile ya kawaida inachukua karibu miaka bilioni 4.5 nusu yake kugeuka. Kwa hiyo ukikuta risasi ndani ya zirkoni, unajua imetokana na urani, unapima uwiano, unapata umri. Ni kama mshumaa: ukijua unaungua kwa kasi gani na umebaki kiasi gani, unajua uliwashwa saa ngapi hata kama hukuwepo.

Majivu hayapatikani kila mahali, na hapo ndipo zinaingia mbegu-vumbi, yaani zile spora ambazo mimea ya kale ilizimwaga kama unga. Zina ganda gumu lisilooza upesi, kila zama zina spora za sura yake, na zinatapakaa mbali. Tabaka lenye spora fulani, likiwa limepimwa kwa majivu mahali pengine, linakupa umri wa tabaka lenye spora zile zile mahali pasipo na majivu. Mawe ya Norton yanaangukia kipindi kinachoitwa Tournaisi, kati ya miaka milioni 359 na 347 hivi iliyopita. Hiyo 350 ni ya kuzungusha.

Kuhusu Kariakoo, mzee, siingilii ugomvi wa watu.

MzeeKijiwe

Marahaba. Huo mfano wa mshumaa nimeupokea. Sijasema nimeamini, nimesema nimeupokea.

MtuWaKatesh

Mimi huwa sichangii, nasoma tu. Ila leo nimesoma hapo juu kwamba majani yalibaki kwenye mti, nikajiuliza.

Desemba 2023 nilikuwepo Katesh matope yalipotoka Mlima Hanang. Sitaki kurudia ya siku ile, waliokuwepo wanajua. Nasema tu nilichokiona asubuhi yake: magogo. Magogo makubwa yametapakaa mjini, yamechubuliwa yakawa meupe, hayana gome, hayana tawi, sembuse jani. Matope na mawe yale yalikuwa yanasaga kila kitu. Sasa huo mti wa Kanada ulifukiwa na nini kisichosaga?

MchimbaKokoto

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuandika.

Umeweka kidole penyewe. Kufukiwa haraka peke yake hakutoshi. Hanang yale matope yalishuka mlimani kwa umbali mrefu, mti umekokotwa pamoja na mawe kilomita kadhaa. Lazima usagike.

Norton mambo yalikuwa tofauti. Pale palikuwa na ziwa la bonde la ufa. Sisi tunayajua maziwa ya namna hiyo, Tanganyika ni hilo hilo: ardhi inapasuka, inatanuka, katikati inadidimia, maji yanajaa, na ukingo unakuwa mkali. Na penye ufa pana matetemeko. Wanavyosoma ushahidi wa mawe yale ni kwamba tetemeko liliporomosha ukingo wa ziwa pamoja na mimea iliyosimama juu yake. Miti ikaingia majini ingali hai, na mchanga na tope vikaifunika katika tukio lilo hilo. Safari fupi, kuzama, kufunikwa. Mti wenye afya haujaanza kupukutisha, na ukishafunikwa na tope zito hewa haipiti, waozeshaji hawana kazi.

Kwa hiyo jani la nje kabisa lilivunjika ncha, ndiyo maana hatuoni mita ile ya mwisho. Lakini pale kwenye shina yalishika.

Nshomile_76

Sisi wa Bukoba tetemeko tunalijua. Septemba 2016 nilikuwa sokoni, nikaona kuta zinatembea. Lakini ukingo wa ziwa hatukuuona ukishuka. Mungu alisaidia.

Swali langu ni dogo: hiyo Kanada si nchi ya barafu? Mti wenye majani kama mgomba utaishije kule?

KivuMpakaMoncton

Jambo wote. Hapo naweza kujibu kidogo, maana mimi ni Mkongomani wa Kivu, ninaishi Moncton, New Brunswick hiyo hiyo. Norton iko kwenye njia ya kwenda Saint John, ukishapita Sussex. Ni mji mdogo sana, ng'ombe wa maziwa, mto, basi. Nimepita pale mara nyingi bila kujua kuna kitu. Leo ni digrii chini ya sifuri kumi na mbili. Mti wa majani ya mita tatu ungekuwa umekufa kabla ya chakula cha mchana.

Lakini walitueleza wakati watoto wanasoma: zamani hizo eneo hili lilikuwa karibu na ikweta. Mabara yalikuwa hayajakaa mahali yalipo. Kwa hiyo wao ndio walikuwa na joto na unyevu.

Huku mawe ni jambo la kweli. Sehemu ya kusini ya jimbo ni hifadhi ya mawe inayotambuliwa na UNESCO, inaitwa Stonehammer. Na ukivuka kwenda Nova Scotia, kwenye ghuba ya Fundy, kuna majabali ya Joggins. Maji ya Fundy yanapanda na kushuka kuliko mahali pengine popote duniani, yanaweza kufika mita 16 kati ya kupwa na kujaa. Kila siku yanakula jabali, na jabali linaonyesha miti ya mawe imesimama wima. Nilimpeleka mtoto wangu. Unasimama chini unaona kisiki kimesimama ndani ya ukuta wa mawe, na mwongozaji anakuhimiza uondoke maana maji yanarudi kwa haraka.

BintiMwambao

Mita kumi na sita! Kwetu bamvu kubwa ni mita nne na watu wanahama na ngalawa.

MchimbaKokoto

KivuMpakaMoncton umenizidi, mimi nasoma, wewe unapita barabarani.

Joggins ina kisa chake. Visiki vile vilikuwa vimeoza ndani vikabaki mapango, na mwaka 1852 Charles Lyell na William Dawson walikuta mifupa ya wanyama wadogo ndani ya kisiki. Baadaye Dawson akapata humo Hylonomus, mmoja wa reptilia wa kale kabisa wanaojulikana, mwili wake unafanana na mjusi kafiri wa ukutani. Lakini angalieni: Joggins ni visiki. Vichwa hakuna. Na ni michanga kwa Norton kwa zaidi ya miaka milioni 30. Glasgow nako, Uskoti, kuna visiki kumi na moja ndani ya bustani ya mji, vilifukuliwa 1887, vimejengewa banda. Visiki tena.

Kuna jambo jingine linaloongeza thamani ya mti huu. Miaka milioni 359 iliyopita kulitokea maangamizi makubwa, viumbe vingi vikapotea. Kipindi kinachofuata, kama miaka milioni 15, visukuku vya nchi kavu, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, ni haba, na wataalamu wana jina lake, Pengo la Romer. Ni kama daftari la mahudhurio lililochanwa kurasa. Mti huu umetoka ndani ya kurasa hizo zilizochanwa, ndiyo maana sura yake haifanani na chochote, na hawajauweka kwenye ukoo wowote unaojulikana. Shina jembamba lisilo na tawi hata moja, limejaa majani. Umbo hilo likajaribiwa, likaishi, likatoweka.

WanjaWaLodwar

Habari zenu majirani. Mimi ni wa huku Turkana, Kenya. Mnasahau kwamba Sibiloi kuna msitu mzima wa mawe? Magogo yamelala chini kwenye jua, ukigonga yanalia kama chuma. Watalii wanakuja kupiga picha. Huo wenu wa Norton uko na tofauti gani na yetu kando na umri?

MchimbaKokoto

Karibu sana dada. Tofauti ni ya utengenezaji.

Ya Sibiloi ni mbao iliyogeuzwa jiwe. Maji yenye silika (madini ya kwenye mchanga na kioo), mara nyingi kutokana na majivu ya volkano, yanapenya kwenye vinyweleo vya mbao na kuacha madini humo kidogo kidogo. Ukikata kipande na kukitazama kwa hadubini unaweza kuona mpaka seli. Kwa mtu anayetaka kujua mti ulikuwa wa jamii gani, hilo ni bora sana. Lakini umbo la nje, kichwa, majani, vimeshapotea kabla mbao haijawa jiwe.

Wa Norton unakupa umbo zima, mpangilio wa majani, mti ulivyosimama. Ule wa kwenu ni cheti cha kuzaliwa, huu ni picha ya pasipoti. Ukipata vyote viwili kwa mtu mmoja unashukuru Mungu.

ZamuYaUsiku

Wakuu nimechelewa, nilikuwa zamu. Niko makaa ya mawe huku Ruvuma. Nimesoma uzi wote kwenye basi la wafanyakazi, nikakumbuka kitu. Juu ya tabaka la makaa kuna mwamba wa udongo mweusi, unachanika kama kurasa. Ukichana unakuta alama za majani. Yana umbo la ulimi wa ng'ombe, mstari mmoja katikati na mishipa midogo kama wavu. Sisi tunayakanyaga tu. Je, ni visukuku au ni picha za mawe?

MchimbaKokoto

Umeniamsha kitandani.

Kabla sijakujibu nikiri jambo. Mwaka wangu wa tatu machimboni, mkoa wa Pwani, nilipasua jiwe nikakuta mchoro mweusi kama kangaga, matawi na vijitawi, mzuri mpaka unatamani kuutundika ukutani. Nikamwita msimamizi. Akalitazama sekunde mbili, akasema "peleka kwenye krasha." Likasagwa kokoto. Nilimchukia yule bwana miaka sita, nikimhadithia kila mtu jinsi alivyosaga historia.

Baadaye nikasoma nikakuta kuna kitu kinaitwa dendriti. Ni madini ya manganizi yanayoingia kwenye ufa wa jiwe na kujichora kama mmea, kama barafu inavyojichora kwenye friji. Si mmea. Tena jiwe tulilokuwa tunapasua lilikuwa limepikwa na joto na mgandamizo wa chini ya ardhi, kisukuku kisingesalimika humo. Kwa hiyo nilimchukia mtu bure kwa ajili ya kutu.

Lako ni habari nyingine. Kwanza mwamba wako ni tope lililolala kwa utulivu, mahali pake hasa. Pili mstari wa katikati na mishipa ya wavu, dendriti haina hivyo. Tatu umbo la ulimi. Kuna mti wa kale unaitwa Glossopteris, na jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la ulimi. Makaa ya bonde la Ruhuhu, ukanda wote wa Mchuchuma na Ngaka, ni ya zama za mti huo, yaani Permi, kati ya miaka milioni 299 na 252 iliyopita. Makaa unayochimba ni misitu hiyo.

Na jani hilo hilo lilikutwa Antaktika. Mwaka 1912 Kapteni Scott na wenzake walikufa kwa baridi wakirudi kutoka Ncha ya Kusini, na kwenye mizigo yao kulikuwa na mawe ya kilo 16 waliyokataa kuyatupa. Humo mlikuwa na Glossopteris. Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika, zote zina jani hilo, na ni moja ya hoja zilizowafanya watu wakubali kwamba nchi hizo ziliwahi kuwa bara moja.

MzeeKijiwe

Hao walikuwa wanakufa kwa baridi na bado wamebeba kilo kumi na sita za mawe?

MchimbaKokoto

Ndiyo mzee.

MzeeKijiwe

Basi hapo nimeamini. Mtu habebi chai namna hiyo.

BintiMwambao

Hahahaaa mzee amemwaga kikombe.

ZamuYaUsiku lichukue hilo jani basi, ulitunze, kesho keshokutwa jina lako nawe liwe kwenye mti kama mzungu wa kokoto.

MchimbaKokoto

Dada, hapana, asilichukue. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vya namna hiyo havibebwi kwenda kupamba sebule. Na hata pasingekuwa na sheria, jani likitoka kwenye tabaka lake bila kuandikwa limetoka wapi, nusu ya habari imekufa. Wa Norton tunaujua ulivyofukiwa kwa sababu ulisomwa pamoja na mawe yaliyouzunguka.

Fanya hivi: piga picha asubuhi au jioni, mwanga ukiwa wa pembeni, mishipa itajitokeza. Weka sarafu ya mia mbili kando yake iwe kipimo. Piga nyingine ukiwa mbali, ukuta mzima uonekane, tujue limekaa juu ya makaa au chini. Usilisugue kwa brashi ya chuma. Halafu zungumza na mjiolojia wa hapo kazini, kila mgodi wa makaa unaye, na yeye atajua wa kumpelekea.

ZamuYaUsiku

Sawa mkuu. Jumatatu nahamia zamu ya mchana.

KivuMpakaMoncton

Tunasubiri picha. Mimi Jumamosi nikipata nafasi nitapita Norton, nitawapigia picha ya kibao cha barabarani angalau. Machimbo ni ya mtu, siwezi kuingia.

ZamuYaUsiku

Wakuu, nimefika pale leo mchana. Ule upande nilioukumbuka wameshaumwagia kifusi, wamepitisha njia ya malori. Nikatembea kama mita ishirini mbele, tabaka limejitokeza tena, na jani la kwanza nimelikuta kabla sijainama. Yapo mengi, yamelaliana kama samaki kwenye tenga. Mjiolojia nimempigia, amesema nisisogeze kitu, anakuja saa kumi. Sarafu ya mia mbili sikuwa nayo nimeweka ya mia tano. Picha zinapanda polepole, mtandao huku mpaka usimame juu ya greda.